Kucha za Adero

Mwalimu Shitanda aliniita shuleni kwa ajili ya kucha. Si karo, si utoro, si kupigana na watoto wa watu. Kucha. Niliacha nguo kwenye beseni, nikafunga kitambaa kichwani, nikatoka Kaloleni, mtaa wetu wa Kisumu, kwa miguu nikisema peke yangu njia nzima. Waliokutana nami siku hiyo wanajua nilichokuwa nasema.

"Karibu, Mama Adero," akaanza.

"Mimi ni shangazi yake. Mama yake yuko nyumbani, Uyoma. Mimi naitwa Seline. Haya, sema."

Mwalimu huyo alikuwa mtu wa kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, mtu wa kufuata taratibu. Kila Jumatatu asubuhi watoto walipanga mstari wakanyoosha mikono, naye akapita akikagua kama kucha zao ni safi. Za Adero hazikuwa safi wala chafu. Hazikuwapo. Sasa akamwita Adero aje, akamwambia atoe mikono nyuma ya mgongo. Mtoto akaitoa taratibu, macho chini. Ncha za vidole zilikuwa zimevimba, nyama imepanda juu pale ukucha unapotakiwa kuwa, na kidole gumba kilikuwa na usaha.

"Nimemchapa," mwalimu akasema. "Nimemsimamisha mbele ya wenzake. Bado anaendelea. Nikimwuliza jambo, jibu lake ni kutia mkono mdomoni. Akili yake haitulii, Mama. Usipomkomesha, muhula ujao sitampokea."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo vidole vikiuma, dawa yake ni kuvichapa?"

Nilikuwa na mengine ya kumwambia, na yalikuwa yamefika kwenye ncha ya ulimi, lakini nikayameza. Ningeyatoa, Adero angefukuzwa siku hiyohiyo, na mimi nilikuwa nimemwahidi mama yake, Dorca, kwamba msichana huyu atasoma.

Adero alikuwa mtoto wa kaka yangu Dishon. Dishon alichukuliwa jeshini wakati wa vita, akapelekwa Burma, na hakurudi. Wenzake walirudi na makoti ya kijeshi na hadithi zisizokwisha. Yeye tukaambiwa amepotelea msituni, mwili haukuonekana. Mama yangu alingoja, akangoja, kisha akasema imetosha, mtoto wake hawezi kuachwa nje bila pa kulala. Kwetu Waluo mtu akipotea hivyo, vitani au ziwani, huchukuliwa tunda la mti wa mwegea, lile refu na zito tunaloliita yago. Linafungwa shuka, linaliliwa, linazikwa mahali pake. Ndivyo tulivyomzika Dishon. Usije ukafikiri ilikuwa maigizo. Nililia mpaka sauti ikakauka, na niliyekuwa namlilia alikuwa kaka yangu.

Baada ya hapo Dorca akachukuliwa na shemeji yake, kama ilivyo desturi, akapata mtoto mchanga, mikono yake ikajaa. Mimi Mungu hakunipa mtoto, na sipendi kuonewa huruma kwa hilo, kwa hiyo sitalirudia. Nilimwomba Dorca nije na Adero Kisumu asome. Alikuja tayari akiwa anakula kucha zake. Nilidhani ni tabia ya utoto, itakwisha akizoea mji.

Haikuisha. Nikampaka shubiri vidoleni. Siku za kwanza alikunja uso, kisha akaizoea, akawa anailamba kama sukari guru. Mama Kusum, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa ambaye nilikuwa namfulia nguo, akanipa maji ya karela, yale matunda yao machungu yenye vinundu. Adero akayazoea pia. Nikamfunga vitambaa vidole vyote, akatafuna vitambaa. Mume wangu Tom, ambaye alikuwa akipakia mizigo gatini, akasema nikimfunga mikono yote mtoto atakula meza.

Halafu ukaja ujumbe kutoka kwa mama yangu. Aliuleta jirani aliyekuwa amefika mjini kuuza vyungu, akausema mbele ya wapangaji wote kama tangazo. Mama alisema nimpeleke Adero nyumbani likizo ya Agosti, ang'olewe meno ya chini. Asipokuwa na meno ya chini, hatakuwa na cha kutafunia kucha. Mzee wa kung'oa ameshaambiwa.

Kung'oa meno sita ya chini lilikuwa jambo letu la siku zote, alama ya kwamba umekua. Yangu yalitoka nikiwa msichana mkubwa, na kwa siku kadhaa nilikumbatia magoti nikiwa sitaki kuona mtu. Hesabu ya mama haikuwa mbaya, nakubali. Nimejaribu mwenyewe, ukucha unateleza tu kwenye ufizi. Lakini Adero alikuwa bado mdogo mno, na hata wakubwa wengi wa kanisani walikuwa wameshaacha. Isitoshe, kuna jambo lilinikaa rohoni. Mtoto anayejitafuna mpaka damu, ukimwondolea meno, kile kinachomtafuna yeye unakiondoaje?

Basi ndivyo nilivyobanwa. Mwalimu huku, mama kule, na Agosti inakuja. Nisipojua mtoto ana nini, atapoteza shule au atapoteza meno, na huenda akapoteza vyote viwili.

Mama Kusum ndiye aliyenipa neno, siku moja nikimrudishia nguo. Alisema mwanawe alikuwa akikojoa kitandani walipohamia hapa, na kumpiga hakukusaidia. "Usitazame mikono tu, Seline," akasema. "Tazama anafanya wakati gani." Mimi sipendi kufundishwa kazi, lakini nilikwenda nikatazama.

Niliona mambo ambayo yalikuwa mbele yangu siku zote. Hakuuma kucha akiwa na njaa. Hakuuma akiwa amekasirika. Aliuma akiwa ametulia, mikono haina kazi. Akishauma alitema, kisha akainua kidole kwenye mwanga, akachungulia pale ukucha ulipokutana na nyama, kama anayechambua mchele. Halafu akaenda kunawa. Alinawa sana, mpaka kipande changu cha sabuni kikawa kinaisha kabla ya nguo za watu. Na usingizi wake ulikuwa mwepesi mno, Tom akikohoa tu, yeye ameshaketi.

"Unatafuta nini humo?" nikamwuliza.

"Hakuna kitu, Waya." Waya ndivyo watoto wetu wanavyomwita dada ya baba.

"Kama hakuna kitu, mbona unatafuta?"

Akaficha mikono. Nikaona nikipandisha sauti nitamfunga mdomo kabisa, na kwa mtu kama mimi kushusha sauti ni kazi kuliko kufua mablanketi.

Jumamosi moja asubuhi nilimchukua tukanunue samaki ufukweni Dunga. Kulikuwa na njia ya mkato kupitia mashambani, ambayo hakuwahi kuipita. Tulikwenda vizuri tu, yeye akibeba kikapu, mpaka tukafika penye mwegea mmoja mkubwa uliozaa. Matunda yalikuwa yananing'inia juu ya njia kwa vikonyo vyake virefu. Moja lilikuwa limeanguka, ng'ombe amelikanyaga, limepasuka, nyama yake nyeupe imeanza kugeuka rangi.

Adero akasimama.

"Twende, samaki watakwisha," nikasema. Hakutikisika. Nikamshika mkono nimvute, nikakuta ni wa baridi. Nikatazama chini nikaona gauni limelowa na maji yanamtiririka miguuni. Msichana mkubwa yule, mchana kweupe. Kisha akatia vidole vya mikono yote miwili mdomoni kwa pamoja.

Hasira niliyokuwa nayo ya kuchelewa iliniisha pale pale. Nikaketi chini njiani nikamvuta mapajani kama mtoto mchanga. Wanawake wa samaki wakapita wakatusalimu, nikawaitikia kwa kichwa.

"Ni kama Baba," akasema.

"Nini kama Baba?"

"Ndani. Ndani yake ni vilevile."

Ikatoka kidogokidogo, nami nikanyamaza, jambo ambalo Tom hataamini nikimwambia. Siku ya mazishi, yago lilikuwa limelazwa ndani ya nyumba ya nyanya yake, limefungwa shuka. Sisi tulikuwa nje tunalia. Mtu mmoja, hakumbuki ni nani, akamwambia, "Nenda ukamuage baba yako." Akaingia peke yake. Hakuna aliyemwambia kwamba kilichomo ndani ya shuka ni tunda. Sisi wote tulijua, na kwa sababu tulijua, tulidhani na yeye anajua.

Baba yake aliondoka yeye Adero akiwa bado anatambaa. Hakuwahi kuuona uso wake akaukumbuka. Akataka kuuona. Akafungua shuka upande wa juu, akakuta kitu cha kijivu, kigumu, hakina macho wala mdomo. Akafikiri ndivyo wafu wanavyokuwa. Akafikiri labda uso uko chini ya ile ngozi. Akakwaruza kwa kucha. Ngozi ikabanduka, ikatoka nyama nyeupe yenye maji, ikamwingia chini ya kucha. Akasikia watu wanakuja, akafunga shuka haraka akatoka. Jioni alipotazama vidole, ile nyeupe ilikuwa imekuwa nyeusi.

"Nilimchubua, Waya. Na Dani anasema anakuja amechubuka."

Dani ni nyanya. Na kweli mama yangu, tangu mazishi, kila alipoamka alisema maneno hayohayo kwa yeyote aliyekuwa karibu: "Dishon amenijia tena. Uso umechubuka." Alikuwa akiyasema huku anawasha moto, anakamua ng'ombe, anapepeta mtama. Sisi wakubwa tuliitikia pole, tukaendelea na kazi. Hakuna aliyemtazama mtoto aliyekuwa ameketi pale, anayejua ni nani aliyemchubua.

Nililia. Sioni haya kusema. Mtoto yule alikuwa amekaa muda wote huo anajaribu kumtoa baba yake chini ya kucha kwa meno.

"Adero, sikiliza. Lile lilikuwa tunda."

"Najua sasa," akasema. "Lakini mlisema ni Baba."

Nilikuwa nimeanguka kifudifudi mbele ya lile tunda nikimwita kaka yangu kwa jina lake la utoto. Nikimwambia ni tunda tu, nimemnyang'anya baba aliyezikwa, na kaburi lake linakuwa shimo la takataka. Nikimwambia ni baba, nimemwachia ule uso. Sikujua, na sikutaka kumdanganya. Nikamwambia, "Tutamwuliza Dani."

Akajichomoa mapajani mwangu. "Atanichukia."

Sikumwambia hapana, kwa kuwa hilo ndilo nililoliogopa na mimi. Mama yangu alikuwa mtu wa mila zake kisawasawa. Alichagua mwenyewe mti, akachagua tunda, akasimamia kila kitu. Akisikia mtoto alifungua shuka akakwaruza, anaweza kusema mazishi yameharibika na ndiyo maana Dishon hatulii. Likishasemwa hilo halirudi, na Adero atalibeba mpaka uzee. Lakini nikinyamaza, atang'olewa meno na kubaki na lile lile moyoni, bila hata pa kulitafunia. Kila nilipolipima jambo hili niliona hatari kotekote. Nikapiga moyo konde.

Agosti ilipofika, meli ndogo ya kampuni ya reli ilitushusha Asembo, tukatembea kwenda upande wa Luanda Kotieno, hukohuko Uyoma, ambako ndiko kwetu. Kidole gumba kilikuwa kimepona kwa maji ya moto na chumvi, lakini kucha zilikuwa zilezile. Tulipoingia uani, mzee wa kung'oa meno alikuwa ameshafika, ameketi kivulini kando ya ghala anakunywa uji, na kile chuma chake bapa kimelala kwenye jani la mgomba pembeni. Adero akakiona. Akasogea nyuma ya sketi yangu.

Nilimwacha kwa Dorca nikaingia jikoni. Mama alikuwa anapuliza moto.

"Mama, kabla yule mzee hajaosha mikono, nina neno."

"Neno lako lingoje. Mtu mwenyewe ametoka mbali."

"Haliwezi kungoja."

Nikamwambia yote. Sikupunguza na sikupamba. Alipuliza moto mpaka nilipofika kwenye shuka, hapo akaacha. Nilipomaliza akainuka, akanisimamia.

"Nani alimwacha mtoto aingie peke yake?"

"Sijui."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nje, nalia. Kama wewe."

"Mimi nilikuwa namzika mwanangu!"

"Na yeye alikuwa anamzika baba yake, na hakuna aliyemshika mkono!"

Tulizozana mle jikoni mpaka kuku wakatoka. Alisema mji umeniharibu, nikamwambia midomo yetu ndiyo imemharibu mtoto, wangu ukiwamo. Alisema anayemfungulia shuka maiti hajui anachocheza nacho. Hapo nikaona sasa nimeharibu kila kitu. Kisha akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa.

"Amesema Dishon ananijiaje?"

"Uso umechubuka. Si ndivyo unavyosema kila asubuhi?"

Akaketi kwenye kigoda. Alikaa akitazama moto ambao ulikuwa unazimika, wala hakuupuliza. "Kumbe mtoto ananisikia," akasema. Kisha, "Mwite."

Adero aliingia mikono nyuma. Nilibaki mlangoni. Nilikuwa tayari, neno moja baya likitoka nimbebe nikimbie naye mpaka Asembo, meli iwepo isiwepo.

"Lete mikono," mama akasema.

Mtoto akaitoa. Mama akaishika yote miwili, akaigeuza, akatazama kidole kimoja kimoja. Akavipuliza vile vidole polepole, kama tunavyompuliza mtoto aliyeungua. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya hivyo tangu nizaliwe.

"Baba yako alikuwa mdogo kuliko wewe," akasema. "Alimfunga ndama kamba, akaizungusha mkononi, ndama akatoka mbio. Mwenyewe hataki kuiachia. Aliburutwa kwenye changarawe kutoka zizini hadi kule mtoni. Shavu lote hili lilichubuka. Nilimlaza mapajani nikamwosha, naye analia ananiomba nisimwambie baba yake habari za ndama. Basi ndiye huyo ninayemwota. Haji askari. Anakuja mtoto wa kimo hiki, uso umechubuka, anakimbia kuja kwangu."

Adero akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Si mimi?"

"Wewe ulikuwa wapi? Hata huyu Seline alikuwa hajazaliwa, ndiyo maana hajui kitu na kelele zake zote. Lilipona, hata alama haikubaki. Mimi tu ndiye ninayelikumbuka."

Mimi nilidhani yamekwisha. Mtoto akasema, "Lakini nilikwaruza, Dani. Kweli nilikwaruza."

"Nimesikia. Ulitaka nini?"

"Kumwona."

Mama yangu akainamisha kichwa. "Na mimi nilitaka kumwona," akasema. Akajifuta uso kwa upindo wa leso, akasimama, akatoka nje.

Alimwendea mzee wa meno, akakamata kuku mmoja mnene akampa mkononi, akamwambia meno haya bado yana kazi, asante kwa safari. Mzee hakufurahi. Alifunga chuma chake kwenye kitambaa akaondoka akinung'unika kwamba watu wa siku hizi hawajui wanachotaka. Mama akanigeukia. "Usidhani umenishinda. Akiwa mkubwa tutazungumza." Hatukuzungumza kamwe.

Kaburi la Dishon lilikuwa upande wa kulia wa nyumba yake, tuta la udongo ambalo jua la miezi ile lilikuwa limelipasua nyufa. Mama aliagiza udongo laini wa mtoni, akaukanda kwa maji kwenye sufuria kuukuu mpaka ukawa wa kusiribia nyumba. Dorca akaja na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimemnong'oneza habari yote. Alipiga magoti karibu na binti yake, bega kwa bega.

"Palipokwaruzwa panasiribwa," mama akamwambia Adero. "Hata nyumba ni hivyo. Anza upande wa kichwa."

Adero akachota udongo, akaupaka kwa kiganja, vidole amevikunja juu visiguse.

"Kwa vidole. Ufa ni mwembamba, kiganja hakiingii."

Akasita. Nikamwona anavitazama. Kisha akavizamisha udongoni, akaanza kujaza ufa, akiusukuma ndani kwa zile ncha zisizo na kucha. Akajaza mmoja, akaenda wa pili. Alifanya kazi akiwa ameuma mdomo, kimya, na alipofika katikati nikasikia anasema kwa sauti ndogo ya kuzungumza na mtu aliye karibu, "Pole, Baba. Nilikuwa sijui." Dorca alilia bila sauti, machozi yakadondokea udongoni, naye akayasiribia humohumo. Mimi nilishindwa, nikaenda kujifanya nachota maji.

Niliporudi, tuta lote lilikuwa limelainika na kung'aa. Adero alikuwa amesimama anatazama mikono yake. Udongo mweusi ulikuwa umejaa kila mahali, pembeni mwa kila kidole, kila palipokuwa na nafasi ya kuingia. Nilijua sasa ataitia mdomoni, au atakimbilia maji. Akaitazama, akaipangusa kwenye gauni, akamwuliza mama yake kama anaweza kumbeba mtoto kidogo.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba tulirudi Kisumu kucha zimeota. Moyo wa mtoto hauponi kwa siku moja. Wiki ile ile ya kufungua shule nilimkuta ameketi kizingitini, kidole mdomoni. Lakini hakuwa anatema na kuchungulia tena. Alikuwa anauma tu, kama ulevi wa zamani unaokataa kuondoka. Sikumpigia kelele. Nilimpa karanga amenye, nikaketi naye, nikamweleza habari za baba yake: jinsi alivyokuwa akipiga mluzi kwa pengo lake la meno, jinsi alivyomwogopa bata mmoja wa jirani, jinsi alivyotaka aitwe Adero jina la nyanya ya mama yetu. Kila mkono ulipopanda mdomoni nilikuwa na habari nyingine ya Dishon. Habari zangu zilipokwisha nilimpeleka kwa wanaume waliokuwa naye jeshini, wawili walikuwa wanafanya kazi gatini na Tom, wakampa zao. Alikuwa akisikiliza mdomo wazi, na mdomo ukiwa wazi hauumi.

Akaanza kulala. Tom alikohoa na hakuna aliyeamka. Sabuni yangu ikaanza kudumu. Siku moja nikasikia kelele nje, nikatoka nimeshika mwiko nijue nani anamwonea, nikakuta ni yeye anawaamrisha wenzake mchezoni kwa sauti ambayo, Tom anasema, ameirithi kwangu.

Muhula wa mwisho wa mwaka ule Mwalimu Shitanda, aliyekuwa amekubali kumpokea kwa shingo upande, akaniita tena. Nilimkuta na kaptula ileile, Adero amesimama kando, mikono mbele.

"Mama, nimekuita kwa ajili ya kucha," akasema. "Mtoto huyu ana kucha ndefu, na ni chafu. Zimejaa udongo. Hapa shuleni hatukubali."

Nikamwomba arudie.

Akarudia, polepole zaidi, akidhani sikusikia vizuri. Ndefu, chafu, udongo. Nikamwambia asante sana Mwalimu, Mungu akubariki, na nikamshika mkono nikautikisa mpaka akautazama. Nadhani mpaka leo anaamini sina akili timamu.

Jioni, jua likiwa bado lipo, niliketi na Adero kizingitini pale Kaloleni na wembe wa Tom. Sikuwa nimewahi kumkata kucha mtoto maishani mwangu. Akaniwekea mkono gotini bila kuambiwa, vidole vimekunjuka. Nikaushika mkono ule kwa muda kabla ya kuanza, nikijifanya natafuta mwanga mzuri.

"Usikate zote, Waya," akasema. "Bakisha kidogo."

"Za nini? Mwalimu atanila mzima."

"Disemba tunaenda nyumbani. Jua litakuwa limempasua tena Baba, na mimi ndiye ninayejua kuziba zile nyufa nyembamba."

Nikabakisha kidogo.